Mama Mkwe Kwenye Baiskeli Yangu

Nisipopanda baiskeli siku ya Mungu, kufika Jumatatu mimi ni mtu mbaya. Mke wangu ndiye anayesema hivyo, na simbishii, maana ndiye anayeumia. Kazi yangu ni ukarani kwenye depo moja ya saruji na mabati hapa Goma, na kutwa nzima nasikiliza watu wakilalamikia bei kana kwamba saruji hiyo naipika mimi jikoni kwangu. Kwa hiyo misa ya kwanza ikiisha, navua shati la kanisani, navaa kaptula, nashika njia ya Sake.

Majirani zangu wa Mabanga wamezoea, lakini kunitania hawajaacha. Huku kwetu mtu mwenye kazi ya ofisi hupanda moto, yaani pikipiki. Baiskeli, ambayo sisi tunaiita kinga, ni ya yule ambaye bado hajapata moto. Mtu mzima anayejichosha kwa miguu yake mwenyewe, bila mzigo na bila kutumwa na mtu, huyo lazima ana shida ya kichwa.

"Papa, moto yako iko wapi?" mama anayeuza makala, mkaa wa kupikia, kwenye kona yetu huniuliza kila nikipita.

"Bado haiyazaliwa, mama."

Anacheka, nami nacheka, halafu napita. Amekwisha kuniuliza hivyo mara nyingi mno, na jibu langu ni hilo hilo, na wote wawili tunalifurahia kama jipya.

Barabara yenyewe haina raha mpaka umepita Mugunga. Ni malori, vumbi jeusi, na watu wa moto wanaoamini kwamba baiskeli ni kitu cha kusukumiwa kwenye mtaro. Nawatukana kimoyomoyo, kwa kuwa nimetoka kukomunika, kupokea ekaristi. Baada ya hapo nakata kushoto kwenda Lac Vert, ziwa dogo lililokaa ndani ya shimo la volkano ya zamani, maji yake kijani cha sombe, majani ya muhogo, iliyoiva. Wageni wakifika hapo hupiga picha na kurudi. Mimi hapo ndipo naanza.

Nyuma ya ziwa, upande wa vilima, kuna msitu wa mikaratusi ambao zamani ulikuwa shamba la kahawa. Huku kwetu mvua hainyeshi ikatembea. Inanyesha ikazama kwenye mawe, imekwenda. Waliopanda kahawa walijua hilo, wakajenga matanki makubwa ya saruji, wazi juu, kuzuia mvua isitoroke. Kahawa iliisha, wenyewe wakaenda, matanki yakabaki. Mengine bado yamejaa maji. Mengine yamepasuka, na pale yanapovuja maji yametulia kwenye majivu ya zamani ya volkano na kuwa mabwawa madogo madogo yenye matete, vyura, na bata wa mwituni wanaokuja na kuondoka wanavyotaka.

Miaka ya kambi, watu waliokimbia vita walikata karibu miti yote. Sikuwalaumu, chakula cha mtoto hakiivi kwa mandhari nzuri. Lakini mkaratusi una kiburi. Uukate, unachipua mashina manne pale pale. Sasa msitu umerudi, mwembamba na mrefu, na ukipita asubuhi kwa baiskeli jua linakupiga kwa vipande: jua, kivuli, jua, kivuli, mpaka unasahau kwamba duniani kuna mtu anayedai bei ya jumla kwa mfuko mmoja.

Nina njia zangu pale ndani. Fupi inazunguka matanki ya chini na haina kilima, nzuri kwa siku ambayo padre amerefusha mahubiri. Ya mabwawa inapindapinda kati ya matete, ina mizizi na mawe ya lava, na mahali pawili lazima ushuke ubebe baiskeli begani. Ndefu inapanda mpaka ukingo wa juu, ambako unaliona ziwa Kivu lote mbele yako, buluu, na kisiwa cha Idjwi kimelala kwa mbali. Hapo juu ndipo nakaa, natoa mkate na kipande cha jibini ya Masisi, nakula peke yangu. Sijui chakula kingine kitamu kuliko hicho.

Kuna sheria moja tu, na kila mtu wa upande ule anaijua: usipumzike bondeni. Katika mashimo ya chini kunatoka mazuku, hewa mbaya ya ardhini. Haionekani, haina harufu ya kukuonya, na ni nzito, inajikusanya chini kama maji kwenye beseni. Mtu aliyesimama anaweza kupita salama, na mtu aliyeinama pale pale akalala asiamke. Asubuhi kabla ya upepo ndiyo mbaya zaidi. Mlinzi wa msitu amechomeka mti wenye kitambaa chekundu kwenye kila shimo analolijua. Ukiona kitambaa, kanyaga pedali.

Sasa nimlete mama mkwe.

Mama wa mke wangu ni mtu wa Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru. Vita vilipofika kwao alikuja kwetu na nguo alizovaa na jembe, ndiyo, jembe, alilobeba njia nzima wakati wengine wanabeba magodoro. Mume wake alikwisha kufa zamani, na mke wangu ndiye mtoto pekee aliyebaki karibu. Tukampa chumba cha pembeni, tukaweka pazia, rido, mlangoni, na maisha ya nyumba yangu yakabadilika.

Kwao na kwetu upande wa Bukavu, lugha ni mbali mbali lakini jambo hili ni moja: mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawali mezani pamoja, hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni, na wakiweza hawasemeshani. Si chuki, ni heshima. Vijana siku hizi wanakumbatiana na mama wakwe zao kwenye harusi, na mimi nikiona nageuza macho. Lakini heshima hiyo ilitengenezwa kwa watu wenye nyumba mbili na mgomba katikati. Haikutengenezwa kwa nyumba ya mbao ya Mabanga.

Kwa hiyo tulisema kupitia kwa mke wangu, hata tukiwa sote chumba kimoja.

"Umuambie bwana yako: mvua inakuja, ingize kinga yake."

"Mama anasema uingize kinga."

"Umuambie mama nimesikia."

Na mke wangu asipokuwepo, mama mkwe alisema na vyombo. Nilikuwa nimekaa sebuleni siku moja nikasikia sauti yake jikoni, akiliambia jiko la makala: "Weye babula, ungekuwa na mudomo ungemuambia mwenye nyumba makala imeisha." Nikainuka, nikaenda kununua makala, nikayaweka mlangoni, nikauambia ukuta kwamba makala yapo. Nilimpenda sana kwa mambo hayo. Sikuwa na njia ya kumwambia.

Chakula alikula nyuma ya rido. Nilikuwa nikisikia kijiko chake kikikwaruza sahani, na kwa kijiko hicho nilijua afya yake. Mwanzo kilikwaruza vizuri. Kisha kikapungua, kikawa kinakwaruza siku moja moja tu. Akawa hatoki nje. Alikaa mlangoni anatazama kiwanja chetu, ambacho kama viwanja vyote vya Mabanga ni jiwe la lava lililopondwa, akikisukuma kwa ncha ya kidole cha mguu. Mke wangu alimletea mbegu za mboga ya lengalenga na udongo ndani ya gunia, apande kitu. Alishukuru, akapanda, akamwagilia, na hakufurahi.

Barabara ya kaskazini ilipofunguka na malori kuanza tena kupita, akatangaza kwamba anarudi Kalengera. Alisema siku ile ile aliyosikia, kabla ya kumaliza chai yake. Mke wangu akamwambia nyumba yao ilibomolewa, majirani hawajarudi, nani atamchotea maji, nani atajua akiumwa. Mama akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Nimesikia. Nitaenda mardi." Shofea wa lori la Jumanne hiyo alikuwa mtu wa kwao, akakubali kumchukua.

Usiku huo mke wangu alilia mpaka mto ukalowa. "Atakufa kule peke yake," aliniambia. "Na miye nitasikia ku telefone." Mimi hasira yangu hukimbilia mahali pasipo na kosa, nikakasirikia rido, nikakasirikia lori, nikamkasirikia shofea ambaye hata sijawahi kumwona. Nilijua tu kwamba mama huyu akiondoka, mke wangu hatacheka nyumbani humu kwa muda mrefu.

Jumamosi jioni nilikuwa nasafisha mnyororo na kumsimulia mke wangu habari za mabwawa, ili tu tusizungumzie safari. Sauti ikatoka nyuma ya rido.

"Umuulize bwana yako: kule ku pori yake, udongo iko?"

Mke wangu akanitazama. Tangu aje kwetu, mama hakuwahi kuuliza habari ya kitu chochote cha Goma.

"Umuambie iko," nikasema. "Iko udongo, iko miti, iko maji yenye matete. Umuambie kesho tutamupeleka."

Kusema ni rahisi. Kulala nililala vizuri. Asubuhi ndipo nikaona nimejifunga mwenyewe. Moto ingeweza kumfikisha Lac Vert, lakini ndani ya msitu moto haiingii, mizizi na mawe hayairuhusu, na miguu ya mama haikuwa ya kupanda vilima. Mke wangu alipewa baiskeli na dada wa kwaya, lakini yeye mwenyewe kwenye mawe huyumba kama mlevi. Hawezi kubeba mtu. Aliyebaki ni mimi. Na nyuma ya baiskeli yangu, kwenye porbagaji ya mizigo, kuna nafasi ya mtu mmoja, na mtu huyo lazima anishike kiuno.

Tulisimama pale mwanzo wa msitu, sisi watatu, mama aliyefika kwa moto akitazama miti na mimi nikitazama tairi. Mke wangu ndiye aliyepata dawa. Alikuwa amekunja kipande cha godoro kwa ajili ya mama yake kukalia. Akakisimamisha wima, akakifunga kwa kamba katikati ya kiti changu na porbagaji. Ukuta. Mama akaukagua ukuta huo kwa mkono, akauona unafaa, akapanda akakaa upande kama mwanamke wa heshima, akakumbatia godoro. Nami nikapiga pedali nikiwa nimenyoosha mgongo kama katekista, nisije nikaegemea nyuma na kumaliza mila za mababu.

Yeyote aliyetuona njiani alisimama kucheka, na alikuwa na haki.

Lakini mama alikuwa anatazama. Nilimsikia nyuma ya godoro. Alitaja mimea kwa Kinyarwanda, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ndogo, kama mtu anayesalimia watu sokoni. Tulipopita tanki la kwanza, maji yake meusi na majani ya mkaratusi yakielea juu, akaliambia godoro: "Maji mingi vile, na batu ya Mabanga banabeba bidon ku kichwa." Kwenye bwawa la pili bata wakaruka kutoka kwenye matete, wote pamoja, na mke wangu aliyekuwa mbele akapiga yowe la furaha akaanguka na baiskeli yake kwenye majani. Mama akacheka. Ulikuwa muda mrefu sijasikia kicheko hicho, nikasahau kunyoosha mgongo.

Tulipumzika kwenye tanki kubwa la katikati. Mke wangu alikuwa amefungasha viazi, mkate na jibini. Mama alichukua fungu lake akaenda kukaa upande wa pili wa ukuta wa tanki ili asile mbele yangu, na mimi nikageukia msitu nisimwone. Halafu mke wangu akachukua kikapu, akasema anarudi nyuma kutafuta uyoga aliouona kwenye visiki, tusiondoke. Nikalala chali juu ya ukuta, kwenye saruji ya joto, kofia usoni. Nilijiona ni mtu mwenye bahati.

Nilipokaa tena, mama hakuwa upande wa pili wa ukuta.

Nikasimama juu ya ukuta wa tanki nikaangaza macho. Nilimwona chini, kwenye shimo la mviringo lenye nyasi za manjano, hatua chache kutoka njiani. Alikuwa amepita kitambaa chekundu. Alikuwa amepiga magoti, ameinamisha uso karibu na ardhi, anachimba kwa kijiti.

Sikumbuki kuteremka. Nakumbuka sauti yangu mwenyewe, kubwa, kali, sauti ninayotumia kwa watu wa moto: "Mama! Toka! Panda juu! Mazuku!" Aliinua kichwa akanitazama usoni, ameduwaa, si kwa sababu ya hatari bali kwa sababu mkwe wake anampigia kelele. Akajaribu kuinuka, goti likakataa. Nikavuta pumzi nikaizuia, nikaingia, nikamshika chini ya makwapa, nikamburuta mpaka juu njiani kama gunia la saruji. Hapo tukaanguka sote wawili, tukihema. Midomo yake ilikuwa imekauka, lakini macho yalikuwa safi. Upepo ulikuwa umeshaanza. Kama tungefika mapema zaidi, nisingekuwa naandika haya kwa moyo mwepisi.

"Ile kitambaa," nikamwambia, bado nafoka, "ile kitambaa njo inasema mutu asiingie! Hukuona?"

"Niliona," akanijibu. Alinijibu mimi, si godoro wala mti. "Kwetu mutu akiwekaka kitambaa mu shamba, ni juu ya kufukuza ndege. Nikasema: basi hapa batu banalima. Udongo iko."

Nikamtazama. Alikuwa bado ameshika kijiti chake, kimepakwa udongo mpaka nusu.

"Mama, ulikuwa unachimba nini?"

Aliitazama mikono yangu, ile iliyomshika, akaamua, nadhani, kwamba kilichovunjika kimevunjika.

"Nilikuwa naangalia kama inaingia mbali," akasema. "Mukwe, nikuambie kitu. Kule Mabanga nilionaka balizika ule jirani yenu. Balipasua mawe na chuma ya baramini, asubuhi mpaka mangaribi, batu banapokezana, banatoka jasho, banatukana. Halafu bakamuweka mu mawe na bakamurudishia mawe. Miye niliangalia ile nikasema: hapana. Nililimaka udongo tangu nikiwa mutoto. Sitaki kulala mu mawe."

"Njo maana unaenda Kalengera?"

"Njo maana. Siendi kule juu ya kuishi. Najua nyumba haiko. Naenda juu ya kulala. Kule jembe inaingia tu." Akafuta kijiti kwenye kitenge chake. "Ku mutoto wangu siwezi kusema. Atalia. Ku weye naweza, juu weye njo utachimba."

Mke wangu na mimi tulikuwa tumekaa siku zote hizo tukihesabu sababu: upweke, chakula, kelele za mjini, labda mimi mwenyewe. Yeye alikuwa akisukuma lile jiwe la kiwanja kwa kidole cha mguu, akipima kaburi lake. Nilitaka kulia, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikakasirika.

"Mama, mutu ya kufa hakwaruzake sahani vile! Nasikiaka nyuma ya rido. Juzi ulikula bugali ukamaliza, ukakwaruza mpaka rangi ya sahani ikatoka!"

Alifunika mdomo kwa mkono. Kisha mabega yakaanza kutikisika, kisha sauti ikatoka, na tukacheka wote wawili pale njiani, udongo magotini, mpaka machozi ambayo nilikuwa nayazuia yakapata njia yao bila kuuliza.

Alipotulia nikamsaidia kusimama. Nikamwonyesha nyuma ya tanki kubwa. Huko, kila mwaka mlinzi akisafisha matanki, hutupa matope yaliyotulia chini, na matope ya miaka yote yamekuwa kilima kirefu cha udongo mweusi, juu, penye upepo, mbali na mashimo. Majani marefu yameota juu yake. Mama akachomeka kijiti chake. Kikaingia. Akasukuma. Kikaingia mpaka kidole chake kikagusa ardhi, na kijiti kilikuwa bado kinakwenda.

"Eeeh," akasema, sauti ya mtu aliyeonja mboga na kuikuta imeiva.

Akatembea mahali pengine, akachomeka tena. Akainama akanusa. Akachukua udongo akausugua kati ya vidole, akautupa, akapangusa mkono. Halafu akanyooshea kidole sehemu moja karibu na mkaratusi uliochipua mashina manne.

"Hapa. Mukiniweka hapa, sitasema kitu."

"Nitauliza mulinzi na wenye msitu," nikasema. "Nikiruhusiwa, nitachimba. Lakini si leo. Leo siku ya Mungu, batu hawachimbake."

Akatikisa kichwa kukubali, kwa uzito wote, kama tumemaliza jambo la ukoo.

Mke wangu alirudi na kikapu cha uyoga akatukuta tumekaa ukuta mmoja, tunabishana juu ya mihogo, kama inapenda kivuli au haipendi. Aliweka kikapu chini polepole. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akafungua mdomo, akaufunga. Nilimweleza habari ya shimo na kitambaa, kwa maana hiyo alipaswa kuijua; akamkumbatia mama yake akamgombeza, akamkumbatia tena. Mengine sikumweleza. Wakati wa kurudi kipande cha godoro tulikisahau kwenye tanki, na hakuna aliyekiulizia mpaka tulipofika Lac Vert. Mama alikuwa amenishika shati.

Siku hiyo ya mardi lori lilifika alfajiri na kupiga honi kwenye kona, pale kwa mama wa makala. Mke wangu alikuwa amefungasha unga, maharage na sabuni, macho yamevimba. Mama akatoka nyuma ya rido bila mzigo. Akampita mke wangu, akaja mpaka mezani nilipokuwa nakunywa chai.

"Mukwe," akasema, "uambie ule shofere aende. Miye niko na kazi ku matanki."

Mke wangu akaangusha unga.

Mlinzi alitukubalia upesi. Juu ya udongo wa matanki mama angeweza kulima, mradi ampe mboga. Habari ile nyingine nilimwambia pembeni. Alikuna kichwa, akasema wenye msitu wako mbali, lakini mtu aliyelima mahali miaka mingi, nani atamkataza kupumzika hapo? Akaongeza kwamba miaka mingi ndiyo sharti. Nilimfikishia mama sharti hilo, akasema ni la haki.

Basi njia zangu nzuri zimekwisha. Ukingo wa juu, ambako naiona Kivu na kula jibini peke yangu, sijaufikia tena tangu wakati huo, na nikisema hainiumi hata kidogo nitakuwa nadanganya. Siku hizi nina njia moja: Mabanga, Lac Vert, matanki. Mama analima maharage, viazi na lengalenga, na karibu na ule mkaratusi wa mashina manne amepanda maboga, ili mahali pasikae bure. Anakula mbele yangu sasa. Anakula sana. Sahani anaikwaruza waziwazi, huku akinitazama.

Nyumbani mke wangu anaimba. Anawaambia watu wa kwaya kwamba ni bata ndio waliombakiza mama yake, wale bata walioruka siku ile, na kwamba mume wake ana akili kuliko anavyoonekana. Namwacha aamini. Iko siku nitamweleza, na siku hiyo siiombi iharakishwe.

Zamani msituni nilikuwa nakimbia. Siku hizi mke wangu anatupita kwenye mteremko, akipiga kengele, akitucheka eti tumezeeka wote wawili. Nyuma yangu mama ameshika shati langu kwa mkono mmoja na jembe kwa mkono mwingine, na kila tukianza kuona ukuta wa matanki kati ya miti, ananigonga mgongoni kidogo.

"Polepole, mutoto," ananiambia. "Tusifike mbio."

Nami nabana breki.